Kidole cha Mwisho

Leseni yangu ilikufa Jumapili,
siku ambayo ofisi nazo zimekufa,
kwa hiyo matanga niliyaanza Jumatatu,
saa moja kasorobo, Kigoma mjini,
wa kumi na tisa, nyuma ya kijana wa bodaboda
aliyelala wima, kofia ngumu kwapani.

Dirisha la kwanza lilitaka kivuli cha kitambulisho.
Mashine ya vivuli iko ng'ambo ya barabara.
Umeme haukuwa ng'ambo ya barabara.
Dirisha la pili lilitaka risiti;
risiti inataka namba, namba inatoka dirisha la kwanza,
na dirisha la kwanza limekwenda kunywa chai.
Sikukasirika.
Miaka ishirini na miwili naendesha Fuso,
chumvi ya Uvinza mpaka Kasulu, masika kwa kiangazi.
Gari likizama topeni hulitukani.
Unashuka, unakata matawi.

Dirisha la tatu alikaa binti,
kifuani kaandikwa Edissa, kucha za zambarau.
"Kidole gumba."
Nikaweka. Kioo kikawaka kijani, kikafikiri, kikazima.
"Cha shahada."
Nikaweka.
"Bonyeza."
Nikabonyeza.
"Taratibu, mzee, hiyo siyo honi."
Foleni ikacheka. Nami nikacheka, nusu.
"Mfumo haukutambui."

Edissa, mwanangu, nikamwambia,
mfumo hauna kosa.
Hivi vidole nimeviacha njiani.
Gunia juu ya gunia chumvi imevila,
kama panya, inauma huku inapuliza.
Mstari mmoja uko Nguruka, kwenye jeki iliyoteleza
usiku mvua ikinyesha kwa ubavu;
mwingine kwenye spana namba kumi na saba
niliyomwazima mtu asiyerudisha.
Ukizitaka alama zangu ziko barabarani,
chukua tochi, nenda kazisome.

Alinisikiliza, nasema kweli.
Ila fomu haikuwa na mahali pa kuandika hayo.

Nyuma yangu alisimama mama wa Mwandiga,
muuza mawese, amekuja kufuta kodi
ya kibanda kilichoungua mwezi wa saba.
Walimwambia alete picha ya kibanda.
Akawaletea chupa ya majivu.
Huyo ndiye aliyesema, "Mkavu huyu. Mpakeni mafuta."
Akalowesha ncha ya kanga kwa mawese,
akanisugua kidole kimoja kimoja
kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni,
nami, baba wa watoto sita, nikatulia.

Cha kati: hapana.
Cha pete: hapana.
Mkono wa kushoto, gumba: hapana, na kioo kimechafuka,
Edissa anafuta kwa karatasi, hanitazami usoni.

Kikabaki cha mwisho, cha kushoto,
kisichowahi kukaza nati
wala kuvuta kamba ya turubali,
kinachojitenga hewani kila nikinywa kahawa,
mwinyi mmoja kati ya wapagazi tisa.
Nikakiweka. Kioo kikawaka.
Hakikuzima.
"Huyu hapa!" akasema Edissa,
na jina langu likashuka lote, Gwimo Kilahumba Ruhoha,
na picha yangu ya zamani, nina nywele.

Basi. Vile tisa vilivyofanya kazi havina kwao.
Yule mvivu ndiye raia.

Nikaambiwa kadi zimeisha, nirudi Alhamisi.
Alhamisi mtandao ulikuwa chini.
Alhamisi nyingine nilimkuta mama wa Mwandiga
ameletewa kiti. Hiyo tu ndiyo hatua aliyopiga.
Wiki ya nne nikapewa kadi, ya moto bado,
picha yake inafanana na marehemu kaka yangu.

Sasa nikipanda kilima na tani saba mgongoni
nashika usukani kwa vidole tisa,
kimoja nakiinua.
Utingo wangu, Bitegeko, huuliza kama kinauma.
Hakiumi.
Nakitunza tu. Miaka mitano ni mingi,
na chumvi haijashiba.